Springi za Nyuma za Gari la Mzee Asumani

Siku ile uani kwa Mzee Asumani, kule Rebero, hapa Kigali, tulikuwa watu watano. Niwataje kwanza, maana shule niliishia darasa la tatu lakini majina ya watu hayanipotei. Alikuwepo Mzee Asumani mwenyewe, fundi, aliyenifundisha kazi. Alikuwepo mkewe, Mama Habiba, ambaye ni dada wa marehemu mume wangu, kwa hiyo mimi na yeye ni mawifi na Mzee alikuwa shemeji yangu. Alikuwepo Yusufu, mtoto wao wa mwisho, amekuja likizo kutoka Ulaya. Alikuwepo Gasana, fundi, mwanafunzi wa Mzee kama mimi, ila yeye alipewa spana na mimi nikapewa stoo. Na mimi, Zuhura. Gari lenyewe lilikuwa katikati yetu, la milango miwili, jekundu lililopauka, nyuma limeinuliwa kwa jeki.

Claudine, anayeshika funguo za stoo tangu nilipoacha kazi, ameniomba niandike yale ninayoyajua ambayo hayamo kwenye kompyuta yake. Naandika kwa mkono, yeye atapiga chapa, na akikuta herufi imepotea njia airudishe mwenyewe. Nitaanza mwanzo. Lakini nakwenda kufika hapo uani, msinione nazunguka.

Nilianza kazi mwaka mume wangu alipofariki. Saidi alikuwa fundi cherehani, na alichoniachia ni cherehani moja na gunia la vipande vya vitambaa. Mzee Asumani akamwambia mwenye duka letu la spea, pale chini kidogo ya Sonatubes, kwamba shemeji yake ana macho. Hakusema nina elimu, maana sina. Alisema nina macho.

Asubuhi ya kwanza akanipeleka nyuma ya duka penye rundo la springi za magari, zote za okazio, zimetoka kwenye magari yaliyogongwa au kuchoka. Sisi wa zamani tuliziita resori, na shokapu tuliziita amortisa. Sasa nasema kama wateja wa kutoka Tanzania, nimewazoea.

"Shemeji, zipange," akasema, akaenda zake.

Nikazipanga kwa urefu, fupi mbele, ndefu nyuma. Aliporudi akazitazama, mikono kiunoni.

"Umepanga vizuri kama sufuria za kabatini. Sasa zipange kwa nguvu."

Sikujua nguvu inaonekanaje. Akachukua mbili zilizolingana urefu kabisa. Moja, akasema, ni ya gari dogo la kwenda kazini, nyingine ya pikapu ya kubeba viazi. Akaniwekea kidole gumba juu ya chuma cha hii, kisha cha ile. Ya pikapu ilikuwa nene zaidi, na mizunguko yake ilikuwa michache. Chuma kinene na mizunguko michache, springi ngumu. Chuma chembamba na mizunguko mingi, springi laini. Tangu siku hiyo sikuwa na kipimo kingine. Claudine ana kile chuma cha kupimia chenye namba, nami nilimwambia ni kizuri, lakini gumba halisahauliki nyumbani.

Shokapu nilifundishwa siku ya pili. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu kazi yake ni kuituliza, isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Ishike wima, isukume chini, ivute juu. Ikiwa nzito njia zote mbili, iko hai. Ukifika mahali inateleza bure kama mkono ndani ya maji, imekufa, hata kama imepakwa rangi mpya. Hasa kama imepakwa rangi mpya. Na ukumbuke kwamba shokapu haiwezi kuilainisha springi ngumu. Watu wengi hawajui hilo. Wananunua shokapu laini, wanaziweka kwenye springi ya jiwe, halafu wanakuja kulalamika.

Kosa langu la kwanza nililifanya mwezi wa pili. Nilimuuzia mtu mmoja wa kusambaza soda, jina lake Nsengiyumva, springi mbili za nyuma zilizofanana kwa kila kitu. Siku ya tatu akarudi, gari limeinama upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Kumbe moja ilitoka kwenye gari lililofanya kazi miaka kumi na nyingine kwenye gari la padri. Springi zilizozeeka gari moja zimezeeka sawa. Ukizitenganisha, huwezi tena kuzijua kwa macho.

Nikaenda nyumbani nikaleta gunia la Saidi. Kila springi mbili zilizotoka gari moja nikazifunga pamoja kwa ukanda wa kitambaa, na shokapu zake nazo, na kila gari na kitambaa chake. Haya maua, hii mistari, ile kijani. Mafundi walinicheka wiki nzima.

"Mama Zuhura, unazivisha kitenge. Harusi lini?" Gasana akaniuliza. Wakati huo hakuwa na mvi hata moja.

"Zimeshaolewa. Ninyi ndio mnataka kuzipa talaka."

Gari lililoinama halikurudi tena kwa sababu yangu. Hilo naweza kulisema.

Somo kubwa lilikuja baadaye, na ndilo nililotaka Claudine aliandike kwa herufi nene. Mteja mmoja, Mama Uwera, mwenye duka la mchele, aliniletea springi aliyopewa na kaka yake, akauliza, "Mama, hii inafaa gari yangu?" Nikaipima, nikatazama, nikamwambia, "Inaingia." Akashukuru, akaondoka.

Mzee Asumani alikuwa anakunywa chai mlangoni. Alingoja mpaka mama wa watu amevuka barabara.

"Shemeji, amekuuliza nini?"

"Kama inafaa."

"Umemjibu nini?"

"Inaingia."

"Kiatu cha Habiba kitaingia mguuni mwako ukikisukuma. Utakwenda nacho sokoni?" Akaweka kikombe chini. "Kama inaingia, hiyo naangalia mimi na spana yangu. Wewe ukiulizwa inafaa, lazima kwanza umuulize mtu. Anabeba nini, anapita njia gani, nani anakaa nyuma. Ukishindwa kuuliza, sema hujui. Lakini usimjibu inaingia. Hilo ni jibu la mtu anayetaka mteja aondoke."

Nilimkimbilia Mama Uwera nikamkuta kwenye kituo cha moto, hizi pikipiki za abiria. Alikuwa anabeba magunia ya mchele hadi Busanza. Springi ile ingelala chini wiki ya kwanza.

Basi nikashika maswali hayo matatu. Unabeba nini, unapita wapi, nani anakaa nyuma. Wapo waliokasirika. Bwana mmoja aliniita bibi kizee kwa Kinyarwanda, "Mukecuru, wewe ni polisi?" Nikamjibu polisi wanauliza leseni, mimi nauliza mgongo wa mkeo. Kijana mmoja, Patrick, hakutaka kuulizwa, alikata springi za nyuma kwa grenda ili gari lake la harusi lilale chini kama anavyoona kwenye simu. Bibi harusi alishuka ameshika shingo, na picha zote za siku ile ziko hivyo.

Sasa gari la Mzee.

Lilikuwa gari la spoti, la Kijapani, la zamani, yaani la umri wa Gasana. Mteja wake mmoja alihama nchi akamwachia, likiwa halina injini na kuku wametagia ndani. Mzee alilijenga polepole miaka mingi, kila chuma kwa mkono wake. Lilipowaka, kila Ijumaa baada ya sala alimpandisha Mama Habiba, wakazunguka barabara ya juu ya Rebero wakiangalia mji, wakarudi. Hawakwenda mbali. Nyuma palikuwa pamechoka, na gari la fundi huwa la mwisho kutengenezwa.

Mimi ndiye niliyempatia springi. Magari ya aina ile mjini nilikuwa najua matatu. La pili lilikuwa la mwalimu mmoja, Mama Immaculée, aliyeendesha peke yake, nyuma habebi hata mkoba. Likagongwa mbele, yeye hakuumia, alhamdulillahi, na gari likaja kufunguliwa kwetu. Nilikwenda mwenyewe kuangalia nyuma. Springi zilikuwa za kiwandani, chuma chembamba, mizunguko mingi, hazijachoka. Shokapu zake nzito njia zote mbili. Gari la spoti la zamani watu hudhani linataka ugumu. Lile lilitengenezwa wakati ambapo hata spoti ilikuwa na huruma kidogo.

Nikazifunga kwa kitambaa cha bluu chenye vidoa vyeupe. Kilikuwa kipande cha gauni la mwisho alilokata Saidi, hakuwahi kulishona. Nikamwambia Mzee.

"Ziweke juu," akasema. "Nikipumzika nitazifunga."

Zilikaa rafu ya juu miaka sita. Kila Ramadhani ikikaribia nilizipangusa vumbi.

Hakupumzika, aliugua. Mgongo ulianza kumuuma, akasema ni kuinama. Hospitali wakakuta ugonjwa umeingia kwenye mfupa wa mgongo. Daktari alimruhusu kukaa kwenye gari, ila akasema asitikiswe. Neno lenyewe lilikuwa hilo, asitikiswe, Mama Habiba alinirudia mara nyingi.

Na Mzee alitaka safari moja. Mama yake, Bi Mariamu, alizikwa kwao Rwamagana, nje kidogo ya mji. Mzee alipokuwa kijana anasukuma mkokoteni wa mizigo, alimwahidi mama yake kwamba siku moja atakuja kumtembelea kwa gari lake mwenyewe. Bi Mariamu alikufa kabla. Amezuru kaburi lile kwa basi, kwa gari la mwenye duka, kwa moto hata, na la kwake halijafika. "Mara moja tu, shemeji," aliniambia. "Nilizime pale mbele yake. Halafu sitaki kitu."

Nikamwambia Jumamosi nitaleta zile za juu ya rafu, Gasana atazifunga, Jumapili tutakwenda.

Jumamosi nikapanda moto kutoka Sonatubes, springi zimefungwa na kitambaa chake, nimezipakata kama mtoto. Nafika uani namkuta Yusufu amefika jana yake, na chini kuna boksi.

Alikuwa amesikia kuhusu safari. Akanunua huko huko Ulaya springi na shokapu mpya za nyuma, za aina ya gari lile hasa, kamili. Sanduku lake la nguo aliliacha, akalipa uzito wa vyuma. Alizitoa moja moja na kumpa baba yake mkononi. Springi za njano, fupi. Shokapu zina kifundo juu cha kukaza na kulegeza.

Niliweka gumba kwenye chuma cha njano. Nene. Mizunguko niliihesabu kwa jicho, michache. Zilikuwa za watu wanaoshindana kwenye barabara iliyopigwa pasi.

"Na hii iko ngumu kama jiwe, yewe," Gasana akaninong'oneza. Kisha akachukua spana zake, akaingia chini ya gari, maana kazi yake ilikuwa kungoja ni zipi atapewa.

Mama Habiba akasema analeta chai, akaingia ndani.

Yusufu akanigeukia. Ni mtoto niliyemwogesha. "Mama Zuhura, wewe ndiye mwenye springi. Zinafaa?"

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mto mgongoni, shokapu moja imelala mapajani mwake. Alinitazama. Mkono wake ulikuwa unapapasa ile shokapu, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Nilisoma kwamba anasema, usimvunje mwanangu moyo. Ndivyo nilivyosoma. Hakufungua mdomo.

Nami nilijua majibu yote matatu. Anabeba nini, anabeba mgonjwa. Anapita wapi, lami yenye matuta, halafu vumbi na mawe. Nani anakaa ndani, baba yako, mfupa wa mgongo.

"Zinaingia," nikasema.

Mzee akainamisha macho. Yusufu akatabasamu. Nikaingiza zangu chini ya benchi, na kitambaa chake.

Jumapili tuliondoka asubuhi. Yusufu aliendesha, Mzee mbele, kiti kimelazwa, mimi na wifi yangu nyuma, magoti kifuani. Gasana alibaki. Kifundo cha shokapu alikuwa amekilegeza mpaka mwisho, akafanya alichoweza. Kabla hatujafika Kabuga nilikuwa nimehesabu kila tuta kwa kiuno changu, nami ni mzima. Mzee alishika kishikio cha juu ya mlango. Yusufu alipunguza mwendo, kisha akapunguza tena, magari yanatupita yakipiga honi.

"Baba, tupumzike?"

"Twende tu. Gari limekaa vizuri."

Baada ya Rwamagana mjini lami ilikwisha. Ilibaki kama kilomita tano. Kila jiwe, Mzee alitoa sauti ndogo kupitia puani, hakuwa analia, ilikuwa kama mtu anayehesabu. Wifi yangu alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Nilikuwa nikiutazama mgongo wa kile kiti. Kwenye kona ya kwanza yenye mikaratusi akasema, "Simama."

Yusufu akazima. Mlima wa kwao ulionekana mbele, na nyumba moja ya bati.

"Tumsomee hapa," Mzee akasema.

Tukasoma Fatiha ndani ya gari, mlango umefunguliwa. Alikuwa amegeuza uso upande wa mlima, jasho linamtiririka shingoni.

"Ni ugonjwa, mwanangu," akamwambia Yusufu. "Gari umelitengeneza vizuri."

Tukarudi. Kurudi ni mawe yale yale.

Jioni ile, Yusufu akiwa ameenda kununua dawa, Mzee alinong'ona, "Shemeji, zile za juu ya rafu ziko wapi?"

"Chini ya benchi, uani."

"Akishaondoka mtoto, zifungeni."

Yusufu aliondoka Jumatano. Alhamisi Gasana alizifunga. Nyuma ya gari lile springi imeizunguka shokapu, lazima uibane kwa vibano viwili ndipo uifungue, na Gasana aliifanya polepole kama mtu anayemfungua mgonjwa bandeji. Alipomaliza nikaegemeza kiganja kwenye buti, nikakandamiza, nikaachia. Likashuka, likapanda mara moja, likatulia. Sijaona gari likitulia vile.

Nikaingia ndani kumwambia. Alikuwa hawezi tena kukaa. Tangu Jumapili hakukaa.

"Linarudi mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja."

"Basi," akasema, akafumba macho.

Alifariki Jumatatu ya pili yake. Tulimzika hapa Kigali, mbali na mama yake. Gari liko uani mpaka leo, na Gasana huliwasha Ijumaa ili betri isife. Mama Habiba hapandi.

Claudine, kwenye rafu ya juu, mkono wa kushoto, utakuta springi mbili za njano na shokapu zake, zimefungwa kitambaa cha bluu chenye vidoa vyeupe. Zimetumika siku moja. Usiziuze. Ni za Yusufu.

Miaka yote hii Yusufu ameamini kwamba ugonjwa ndio uliotusimamisha pale kwenye mikaratusi. Kila akipiga simu ananishukuru kwa kumfikisha baba yake karibu. Nilimuuliza wifi yangu kama niandike. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Andika. Lakini andika pia kwamba zilikuwa nzuri." Zilikuwa nzuri, Yusufu. Kazi ya kusema haziendani na safari ile haikuwa yako. Ilikuwa yangu, nililipwa kwa kazi hiyo tu maisha yangu yote, na mtu aliyenifundisha alikuwa amekaa mbele yangu.

Majina nimeyataja kama ninavyoyakumbuka, na kama nimekosea la mtu, au siku, au barabara, niambieni nirekebishe, sitaona vibaya. Lakini lipo moja ninaloliuliza kwa moyo wote. Nimemuuliza Gasana, anasema alikuwa chini ya gari, spana inagonga, hakusikia. Wifi yangu alikuwa jikoni. Mzee hayupo. Mimi nakumbuka nilisema neno moja tu, zinaingia, na sikuongeza kitu. Umebaki wewe, Yusufu. Kama ulinisikia nikisema "lakini", hata hiyo "lakini" peke yake, nipigie unisahihishe.